Wakuu, Alhamisi ya wiki ijayo natetea risechi na sijiamini kabisa. Nimeizoea akili mnemba mpaka najiona sijui kitu

Kipepeo wa Swaswa
Habari za jioni wakuu. Ni binti, mwaka wa tatu, chuo kimoja hapa Dodoma.

Shida yangu ni kujiamini. Mwaka wa kwanza ChatGPT ilikuwa ya kuninyooshea Kiingereza tu. Sasa hivi hata ujumbe wa WhatsApp wa kumsalimia msimamizi naupitisha kule kwanza. Juzi nimekaa na kalamu niandike muhtasari wa kuwasomea jopo, nikapata maneno mawili. Dakika arobaini, maneno mawili. GPA yangu 4.1, sio kilaza, ila sijui tena ipi yangu ipi ya mashine.

Hofu hii naitoaje? Au niombe kuahirisha mpaka Septemba? Matusi sihitaji.

Mzee wa Kashata
Mdogo wangu, sisi tumemaliza 2008, hayo madude hayakuwepo. Kulikuwa na jamaa wa steshenari nje ya geti, unamwachia jina na namba ya usajili, Ijumaa unachukua risechi ina jalada gumu la bluu. Yangu alisahau kufuta shukrani za mwenyewe, nikaingia kwenye jopo namshukuru mke wangu Rehema na watoto. Nilikuwa sina hata demu. Wakacheka, nikapita. Usiogope.

Dereva wa Noah
Ajira zenyewe ziko wapi? Njoo tupige debe Nanenane.

Bi Mkubwa Tena
Nafundisha sekondari mwaka wa 22 huu. Hiki kizazi hakitaki kuumiza kichwa. Mtoto naye ananiletea insha ya kijiji chao iliyojaa theluji. Rudini kwenye vitabu, wanangu.

Nyuki Mkali
Mtu aliyeandikiwa utangulizi tu hakimbilii Septemba. Dada, kuna swali moja unaloliogopa. Data ulizipata wapi?

Kipepeo wa Swaswa
Kwa mama lishe wa Majengo na Sabasaba, mikopo ya kwenye simu inavyokula mitaji yao. Zimeshachakatwa kwenye SPSS, ile programu ya takwimu. Nimeomba ushauri wa kujiamini, sio wa data.

Nyuki Mkali
Wangapi?

Kipepeo wa Swaswa
120.

Nyuki Mkali
Uliowafuata kwa miguu yako ni wangapi?

Kipepeo wa Swaswa
Mnanipeleka pabaya. Haya, 34.

Bumu, hela ya mkopo wa chuo, lilichelewa, na mama lishe ukimfuata saa sita anakuona unamzibia wateja. Hao 86 niliiambia mashine initengenezee majibu yanayoendana na ya wale 34. Msingi wake ni wa kweli, kwa hiyo sioni kama ni uongo moja kwa moja. Na msimamizi ameshapitisha, ila amesema Alhamisi niende na madodoso yenyewe. Nimetoa kopi, binti wa mama mdogo ananisaidia kujaza. Tumenunua kalamu za aina tatu, bluu na nyeusi, miandiko isifanane. Tumefika dodoso la 51.

Mzee wa Kashata
Kalamu za aina tatu! Huyu anafaa Ikulu.

Nyuki Mkali
Jopo halitaangalia wino. Nimeingiza data za madodoso miaka mingi, sikiliza. Fungua safu ya umri. Kwa wale 34 utakuta 30, 35, 40, 45, maana mama lishe ukimuuliza umri anakujibu "weka arobaini". Kwa hao 86 utakuta 31, 37, 43, umetawanyika kama umepangwa na rula. Halafu mapato: nani anamtajia mwanachuo asiyemjua anaingiza shilingi ngapi? Wangapi wameacha wazi?

Kipepeo wa Swaswa
Kwa wale 34, kumi na mmoja hawakujibu.

Kwa hao 86 hakuna hata mmoja aliyeacha.

Kijana wa Nkuhungu
Samahani wakubwa, mnakunywa chai. Nimepekua mada zake za nyuma. Februari akaunti hii hii ilikuwa inauliza bei ya giaboksi ya Noah, ina mke na watoto wawili. Leo imekuwa binti wa mwaka wa tatu! Na huo uandishi wa juu umenyooka mno, koma zote mahali pake. Hiyo ni ChatGPT imeandikishwa kisa cha ChatGPT.

Dereva wa Noah
Na tangawizi imekolea. Ila mwenye giaboksi aje, ninayo moja.

Bi Mkubwa Tena
Kwa hiyo siku hizi ukiweka koma wewe ni mashine?

Mzee wa Kashata
Ipitisheni Turnitin, ile programu ya vyuo ya kukamata kazi za kunakili, tujue.

Nyuki Mkali
Turnitin wameanza kutoa asilimia za akili mnemba Aprili 2023, na wenyewe wanasema isiwe ushahidi peke yake. Dodoso la kubuni hailioni kabisa.

Kipepeo wa Swaswa
Akaunti ni ya kaka. Simu yangu iliibiwa Sabasaba, nilikuwa nimeinama namjazia mama dodoso la 34, na ndiyo sababu niliishia hapo. Sikutaka kusema maana nyumbani hawajui.

Na mada hii nimeiandika mwenyewe. Nimeifuta na kuiandika mara sita kwenye daftari kabla sijaileta. Tangu Machi sijaandika kitu kirefu hivi kwa kichwa changu, halafu mnaniambia ni cha mashine. Sijui nicheke.

Kijana wa Nkuhungu
Tupia picha ya hilo daftari.

Kipepeo wa Swaswa
*(picha: ukurasa wa daftari, mistari imekatwakatwa, wino wa bluu na mweusi)*

Kijana wa Nkuhungu
Huo mwandiko si ndiyo wa binti wa mama mdogo?

Nyuki Mkali
Chai au si chai, leo Jumanne. Acheni hilo la 52. Saa tisa alasiri chakula kimeisha, mama lishe anaongea vizuri tu. Kumi kwa siku, siku tatu, unakuwa na 64 wa kweli. Chapta ya nne unairudia upya. Na msimamizi unamwambia kabla jopo halijamwambia.

Kipepeo wa Swaswa
Saa tisa wanaosha vyombo. Nikiwasaidia kuosha nahisi watanijibu.

Ila msimamizi namwanzaje? Naombeni mniandikie mistari miwili tu, mimi nitamtumia.