Ushauri: Filamu yetu ya vichekesho vya sekondari imejaa makosa ya mwendelezo, turekebishe yapi na tuache yapi?

Mkasi_Butu

Wakuu, habari zenu. Nahariri filamu fupi ya dakika 22, vichekesho vya wanafunzi wa sekondari. Hadithi nzima inatokea siku moja tu, Ijumaa, lakini ilirekodiwa kwa siku nne bila mtu wa kushika mwendelezo, yaani wa kuhakikisha vitu vinafanana kutoka shoti moja hadi nyingine. Picha ni 4K (upana na urefu mara mbili ya HD), itatoka kwa HD. Imebaki nusu siku ya kurudia kurekodi, basi. Niliyoyakamata mpaka sasa:

1. Saa ya ukutani: shoti pana inasoma saa nne na kumi, shoti ya karibu saa tano na dakika arobaini. Mazungumzo yenyewe hayafiki dakika mbili.
2. Tai ya mhusika mkuu imelegea kwenye shoti pana, kwenye ya karibu imekazwa hadi kooni.
3. Glasi ya juisi inapungua, inajaa, inapungua tena.
4. Ubaoni pameandikwa "Ijumaa, 12 Machi 2024".
5. Maabara: mwanafunzi anadondoshea fenolifthalini (kiashiria, kimiminika cha kupimia asidi na besi kwa rangi) kwenye testi tyubu, inageuka pinki, mwalimu anaruka na kupiga kelele "Asidi!" Kichekesho chote kipo hapo.
6. Wawili wanacheza sataranji. Kuna aliyeniambia ubao umekaa vibaya, sioni ubaya wenyewe.

Nianze na lipi?

Bi_Klapa

Usianze na namba moja kwa sababu tu ni namba moja. Jiulize mtazamaji anatazama wapi wakati kosa linatokea. Jicho linakwenda kwanza kwenye uso, kisha mkono unaosogea, maandishi, na sehemu yenye mwanga mkali. Kosa likiwa hapo, litaonekana. Likiwa kwenye kona yenye ukungu, wataliona wenye kusimamisha picha, na hao hawatibiki.

Walter Murch, mhariri wa Marekani, aliwahi kuvipa uzito vigezo vya kuchagua pa kukata: hisia asilimia 51, hadithi 23, mdundo 10, na chini kabisa, asilimia 4, nani amekaa wapi ndani ya chumba. Kwenye vichekesho mimi huwa mkali zaidi yake. Teki (rekodi moja ya shoti) yenye kicheko haitupwi kwa ajili ya glasi.

Sasa tai. Iko chini ya uso, kwa hiyo inaonekana. Ukikata moja kwa moja kutoka pana kwenda karibu umekwisha. Weka katikati shoti ya mwenzake anayesikiliza, sekunde moja na nusu hadi mbili, sauti ya mhusika mkuu ikiendelea chini yake. Ukirudi kwake, mtazamaji mwenyewe ameshajaza pengo: alikaza tai wakati hatumwangalii. Kilicho bora zaidi ni kurekodi mikono yake ikikaza tai, sekunde tatu tu. Hapo kosa linakuwa tendo, na kama anaikaza kabla ya kusema uongo, umepata na kichekesho cha bure.

Juisi: kutoka 4K kwenda HD unaweza kukuza picha hadi asilimia 200 bila kupungukiwa pikseli. Lakini fokasi iliyokosea kidogo na chengachenga (vinukta vya picha) za kwenye giza navyo vinakua, kwa hiyo jaribu kuishia 130 au 140. Mara nyingi inatosha kuitoa glasi chini ya fremu. Inapobaki ndani, acha ujazo ushuke tu. Kupungua kwa ghafla kunasameheka, kujaa hakusameheki.

FremuYaMwisho

Nachukua saa. Kama kamera ilikuwa kwenye stendi, kazi ni ya dakika ishirini. Chagua wakati mmoja, saa nne na kumi. Tafuta fremu ya shoti ya karibu ambayo hakuna mtu anayepita mbele ya saa, itoe kama picha tuli, tengeneza upya mishale juu yake, kisha iweke kwenye treki ya juu (safu iliyo juu ya video) na uikate kwa maski (umbo linaloacha sehemu moja tu ya picha ionekane) ya duara inayofuata ukingo wa saa. Lainisha ukingo wa maski pikseli 5 hadi 10.

Wengi wanaharibu hapo mwishoni. Picha tuli haina chenga zinazotembea, kwa hiyo saa inaonekana kama stika iliyobandikwa ukutani. Ongeza chenga kidogo juu ya kiraka, linganisha kwa kukuza picha, halafu rudi ukubwa wa kawaida na upunguze, maana utakuwa umezidisha. Mtu akipita mbele ya saa, maski itabidi imfuate fremu kwa fremu. Usijitese, kuza picha saa itoke nje.

Halafu mshale wa sekunde. Ukiganda kwa sekunde kumi na mbili mfululizo, umebadilisha kosa moja kwa jingine. Ufute kabisa kwenye kila shoti.

Kiashiria

Namba 5 ndiyo ya kwanza kurekebishwa, si ya tano. Fenolifthalini haina rangi kwenye asidi. Inaanza kuwa pinki pH (kipimo cha asidi na besi) ikifika karibu 8.2, yaani kwenye besi, au alkali. Kila aliyewahi kufanya titresheni (jaribio la kupima asidi kwa besi) atajua mwalimu amekosea, na kwa kuwa kichekesho kinasimama juu ya neno hilo, atabaki anabishana na filamu wakati wenzake wanacheka.

Si lazima kurudia. Rekodi upya sauti ya neno moja. "Besi" haitakaa vizuri, kwa sababu B inafunga midomo na mdomo wa mwigizaji uko wazi tangu mwanzo. Jaribu "Alkali!" Inaanza na A, inaishia na I, na haina herufi inayofunga midomo. Ila kagua chupa: lebo ikisema asidi, umehamisha tatizo tu.

Mkitaka "asidi" ibaki, basi rudieni shoti ya testi tyubu peke yake kwa methili chungwa, ambayo huwa nyekundu kwenye asidi, chini ya pH 3.1 hivi. Maji yenye rangi nyekundu yanatosha, asidi halisi ya nini? Na jina la kiashiria kwenye mazungumzo libadilike pia. Mkiwa hapohapo, mwigizaji avae miwani ya maabara, na mdomo wa testi tyubu usielekee usoni kwa mtu.

Kuhusu ubaoni: 12 Machi 2024 ilikuwa Jumanne. Ijumaa ya wiki ile ni tarehe 15, kwa hiyo ni tarakimu moja tu ya kubandika, 2 iwe 5. Au futa mwaka. Bila mwaka hakuna wa kukukamata.

Farasi_Mweusi

Sataranji: kila mchezaji anatakiwa awe na mraba mweupe kwenye kona yake ya mkono wa kulia. Wenu naona ni mweusi, ubao umezungushwa robo duara. Ni kosa la kawaida sana kwenye filamu.

Kabla ya kurudia, angalia malkia. Kama kila malkia amesimama kwenye mraba wa rangi yake, geuza picha kushoto kulia na kila kitu kitakaa sawa, kona na malkia. Kama malkia mweupe yuko kwenye mraba mweusi, kugeuza kutarekebisha kona peke yake, malkia na mfalme watakuwa wamebadilishana nafasi.

FremuYaMwisho

Naongezea kwa herufi kubwa: KUGEUZA NI KWA SHOTI YA UBAO TU. Nyuso zikiingia, mfuko wa shati na nembo vinahamia upande wa pili, njia ya nywele inahama, anayecheza kwa kulia anakuwa wa kushoto. Na kama ubao una herufi na namba pembeni, zitasomeka kinyume.

Mkasi_Butu

Shukrani sana wakuu. Malkia wako kwenye rangi zao, nitageuza. Tatizo jipya: mhusika mkuu ameshanyoa, nywele zimekwisha kabisa. Ile nusu siku bado ina maana?

Bi_Klapa

Ina maana, ila bila kichwa chake. Mikono na tai, kuanzia kidevu kwenda chini. Testi tyubu, kama mmechagua njia hiyo. Ubao wa darasani wenye tarehe. Anza na tai kwa sababu ndiyo inayotegemea mwanga: jua linasogea nyuzi 15 kwa saa, na vivuli vya dirisha vitakusema. Rekodi saa ileile ya siku ya kwanza, lenzi ileile, urefu uleule wa kamera, joto la rangi (mpangilio wa weupe kwenye kamera) liwe namba uliyotumia, si otomatiki. Chini ya taa za darasani shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga, kwa sekunde) iwe 1/50 penye umeme wa hezi 50, au 1/60 penye hezi 60, la sivyo picha itapepesa. Fremu za zamani ziwe kwenye simu, linganisha mikunjo ya mikono ya shati kabla ya kila teki.

Kabla hamjafungasha, nyamazeni sekunde 30 mrekodi ukimya wa darasa, madirisha yakiwa kama yalivyokuwa. Mlio wa nyuma ukiruka kwenye mkato, mtazamaji anaanza kutafuta kosa hata pale ambapo halipo. Utandaze huo ukimya chini ya sini nzima.

Kiashiria

Kama mnaweka tafsiri ya Kiingereza chini, kagueni saa. Mhusika akisema "saa nne" halafu maandishi yaseme 4, wakati mshale mfupi ukutani uko kwenye 10, mtakuwa mmerudisha kosa la kwanza kwa mlango wa nyuma.