Tabora: tukatiwe umeme kutwa ili breka zipimwe, au zipimwe zikiwa kazini?

Mwanzisha mada, Isevya
Wakuu, kila likitoka tangazo la matengenezo kwenye kituo cha kupoza umeme, mji mzima unalalamika. Sehemu ya kazi hiyo huwa ni kupima sakiti breka za kilovolti 132 na 33, yaani swichi kubwa zinazojifungua na kukata umeme hitilafu ikitokea. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi. Kukata umeme ni lazima, ila utaratibu uliozoeleka unaharibu kipimo chenyewe.

Breka inaweza kukaa miezi mingi bila kufunguka hata mara moja. Grisi inaganda, lachi (komeo linaloachia breka ifunguke) inakuwa nzito. Ikitokea hitilafu, mfunguko wa kwanza ndio unaookoa transfoma. Ukichelewa, breka za nyuma yake ndizo zitakazofunguka, na giza litaenea mbali zaidi. Sasa tazama tunavyofanya: breka inafunguliwa, inatengwa, inafungwa athi (waya wa kupeleka umeme ardhini), ndipo kifaa cha kupima muda kinaunganishwa. Lachi imeshalegea! Majibu yanatoka mazuri, fomu inasainiwa, ugonjwa umebaki palepale. Klampu ya kupimia mkondo ifungwe kwenye waya wa koili, ile sumaku ya umeme inayosukuma lachi, kabla ya ule mfunguko wa kwanza, mkondo wa koili na muda virekodiwe. Haiongezi hata dakika moja ya giza.

Mwenye mashine ya kusaga, Ipuli
Kaka, kama inarekodiwa ikiwa kazini, mbona bado mnatukatia kutwa? Wateja wangu wanarudi na mahindi yao kichwani.

Mwanzisha mada
Dada yangu, koili haisemi yote. Ukinzani wa kontakti, zile sehemu za breka zinazogusana, unapimwa kwa kupitisha mkondo mnyoofu (DC), amperi 50 au zaidi, wengi tunatumia 100, na jibu linasomwa kwa mikroomu. Huwezi kufanya hivyo breka ikiwa na kilovolti 132. Halafu kuna fezi tatu kwenda pamoja: kiwango cha kimataifa cha breka, IEC 62271-100, kinataka zisipishane zaidi ya milisekunde 5 wakati wa kufunga, na 3.3 wakati wa kufungua, kwa umeme wetu wa hezi 50.

Fundi, Kiloleni
Hapo kwenye koili niko nawe. Lakini umepita haraka kwenye athi. Wapo wanaotoa athi ya upande mmoja ili wapate usomaji wa muda, na laini ya jirani iliyo hai inaingiza umeme kwenye hiyo iliyokufa. Mtu anaweza kufa. Vifaa vya kupima athi ikiwa pande zote mbili vipo, vinunuliwe kwanza.

Mchangiaji, Kigoma
Sisi tuliteseka na jenereta za dizeli miaka na miaka. Nitavumilia kukatiwa kwa kupimwa, mradi tuambiwe ni breka ipi na imeonekanaje.

Mwanzisha mada
Fundi, nakubali, athi zibaki pande zote mbili. Na hilo la Kigoma naliunga mkono: rekodi ya mfunguko wa kwanza iwekwe kwenye faili la kila breka, ilinganishwe na ya mwaka uliotangulia. Nani anapinga, na kwa sababu gani?