Naomba ushauri: mdogo wangu kaachishwa dawa, nyumbani wanasema karogwa

Habari wanajamvi, shikamooni wakubwa.

Mdogo wangu ana miaka 22, anauza dagaa mwaloni Kirumba. Tangu mwezi wa tatu anasikia sauti, usiku halali. Hospitali walimwanzishia haloperidol, dawa ya ugonjwa wa akili, baada ya wiki chache akatulia, akarudi hadi kuanika dagaa. Ila mikono ilikuwa inamtetemeka, ndipo mama na wajomba wakasema dawa za akili zinamfanya mtu zezeta. Wakamwachisha. Vidonge nimevikuta vimefungwa kwenye kipande cha kitenge chini ya godoro. Juzi nimemkuta amekaa mlangoni anamjibu mtu asiyekuwepo. Sasa wanataka kumpeleka Ukerewe kwa mganga.

Nimewaeleza kwamba ugonjwa huu mara nyingi huanza umri huu huu, na kwamba mtetemeko daktari anaweza kuutibu au kupunguza dozi. Hawanisikii. Maombi sijawakatalia, waombe tu, lakini dawa ziendelee jamani.

Aliyewahi kumshawishi mzazi kwa jambo kama hili, ulianzia wapi? Na sindano ya kila mwezi badala ya vidonge, kuna mwenye ndugu anayeitumia? Inamsaidiaje?

Natanguliza shukrani.