Kila asubuhi ninamwaga posho na wali wa jana: nifanyeje?

Mama wa Walukuba, Jinja

Ndugu zangu, salaamu. Katika nyumba yetu tuko watu saba: mimi, mume wangu, mama mkwe, watoto watatu na mdogo wangu wa kiume anayesoma chuo. Nimeamua kuandika kwa sababu leo asubuhi, nilipokuwa nikikwangua sufuria ili nichemshe maji ya chai, niliona kwamba posho (yaani ugali wa mahindi) niliyokuwa karibu kuimwaga ingemtosha mtu mzima kwa mchana na usiku, na kwa kweli hakuna wiki inayopita bila jambo hilo kutokea mara tatu au nne.

Mambo yenyewe ni haya. Jumamosi ninanunua mkungu mzima wa matoke kwa sababu ni nafuu kuliko kununua kidogo kidogo, lakini ifikapo Jumatano nusu yake imeshaiva na haifai tena kupikwa. Dodo, yaani mchicha, ninayoinunua asubuhi imenyauka kabla ya jioni. Jioni ninapika posho au wali na maharage ya watu saba, ingawa baba watoto na mdogo wangu hurudi saa tatu usiku na mara nyingi hula kidogo tu. Tuna friji ndogo, lakini umeme hukatika bila taarifa na sina imani na kitu kilicholala humo usiku kucha. Mama mkwe naye hataki kusikia habari ya kupunguza chakula, maana kwake sufuria isiyobakiza ni aibu ya nyumba.

Sihitaji kuambiwa kwamba kutupa chakula ni dhambi, hilo ninalijua. Ninachoomba ni kujua ninyi mnafanyaje majumbani mwenu, hasa wenye watu wengi na saa za kula zisizofanana.

---

Mpishi wa Mbale

Dada, nimepika katika shule ya bweni kwa miaka mingi, na somo la kwanza nililolipata huko ni kwamba mpishi hukumbuka alichopika lakini hakumbuki alichomwaga. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha chochote, tafuta ndoo mbili. Moja iwe ya maganda, mabua na mifupa, yaani vitu ambavyo hakuna mtu angevila, na nyingine iwe ya chakula kilichopikwa kikabaki, pamoja na vile ulivyonunua vikaharibika kabla ya kufika jikoni. Pima ndoo hiyo ya pili kila jioni kwa wiki moja na uandike ukutani.

Ukitaka kipimo cha kujilinganisha nacho, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilichapisha ripoti mwaka 2024 iliyokadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula katika majumba, migahawa na maduka, na kwamba asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani, wastani wa kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka. Kwa watu saba hizo ni kama kilo moja na nusu kila siku. Lakini tahadhari: hesabu hiyo inachanganya na maganda, na sisi tunaokula matoke tuna maganda mengi kuliko mtu anayekula mkate. Ndiyo maana nasema ndoo ziwe mbili, usije ukajilaumu kwa ganda la ndizi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo umelitaja kwa kupita tu, nami naona ndilo lenye mzizi. Umesema baba watoto na mdogo wako hurudi saa tatu na hula kidogo. Waulize kwa upole wamekula nini njiani. Wangu walikuwa wakishuka kwenye teksi saa moja usiku, wanakuta pale stendi mtu anakaanga mayai na kuyaviringisha ndani ya chapati, na ni nani anayeweza kupita harufu ile akiwa na njaa? Akimaliza rolex mbili anafika nyumbani, anaonja kwa heshima, na sahani yake inarudi jikoni. Kwa miaka miwili nilidhani mapishi yangu yamepoteza ladha. Siku hizi tuna makubaliano kwamba anayekula njiani anatuma ujumbe kabla ya saa kumi na mbili na nusu, kwa sababu hapo ndipo ninapopima unga. Hakuna anayegombezwa kwa kula nje, lakini asiyetuma ujumbe ndiye anayekula kiporo chake asubuhi.

Na unga upime kweli, kwa kikombe kilekile kila siku. Kwangu nusu kilo ya unga wa mahindi inatosha watu wazima watatu wasiolima. Anayesonga kwa kukisia huongeza unga posho ikiwa laini, kisha anaongeza maji ikiwa ngumu, na mwishowe ana posho ya kijiji kizima.

---

Mzee wa Bombo

Nimeyasoma maelezo ya mpishi na ninayaheshimu, lakini naomba nimtetee huyo mama mkwe, kwa sababu katika mazungumzo ya namna hii wazee huonekana kama ndio wanaoharibu. Sisi tulilelewa katika nyumba ambazo mtu angeweza kubisha hodi wakati wa kula bila kutoa taarifa, naye alikaribishwa anawe mikono bila kuulizwa kama amekula. Ukipika kwa kikombe na kwa ujumbe wa simu, mgeni huyo utampa nini? Utamwambia angoje mpaka upime unga? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu umpe jembe, lakini hata hao hawakusema siku ya kwanza umpe maji matupu.

Tena chakula kilichobaki enzi zetu hakikuwa taka. Asubuhi posho iliyolala ilikatwa vipande ikakaangwa, au ililiwa na chai kama ilivyo, na Waganda wanayo mawolu yao, yaani chakula kilicholala, hadi leo na hawayaonei haya. Waliobadilika ni watoto wa siku hizi, wanaotaka mkate.

---

Mpishi wa Mbale

Mzee wangu, umesema kweli, nami sikusudii kumfukuza mgeni. Tofauti ni katika kile unachokipika zaidi. Posho husongwa kwa dakika ishirini hivi maji yakiwa yamechemka, na wali hauzidi sana hapo, lakini maharage makavu yanakula makaa kwa saa mbili au zaidi. Kwa hiyo kinachotakiwa kuzidi sufuriani ni mboga, na unga ubaki kwenye mfuko wake, ambako hauchachi. Mgeni akiingia, mchuzi upo, na hadi amalize kusalimiwa na kuulizwa habari za kwao, posho ya moto inatua mezani. Nadhani hata mama mkwe atapendelea mgeni ale posho mpya kuliko kupewa iliyopoa.

Dada, hapa pia kuna siri ya maharage. Chemsha mengi kwa mara moja ili uokoe makaa, lakini usiyaunge yote. Toa sehemu ya leo uiunge kwa kitunguu na nyanya, na yaliyobaki yaache bila kuungwa, kwa sababu yakishatiwa nyanya, au karanga za kusaga, huchacha upesi zaidi. Kama friji haina umeme, yachemshe tena asubuhi na jioni mpaka yatokote, uyafunike, na usiyachote kwa kijiko kilichotoka mdomoni mwa mtu.

---

Muuguzi, Arua

Naomba niongeze neno la tahadhari, kwa kuwa kuokoa chakula kusigeuke kuwa safari ya hospitali.

Wali ndio unaonipa wasiwasi zaidi. Katika mchele kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa ndani ya sufuria yenye joto la vuguvugu usiku kucha, mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha wali mpaka utoe moshi. Watu husema "nimeupasha vizuri, mbona nimetapika?" na jibu ni hilo. Kwa hiyo wali utakaobaki utoe sufuriani mapema, usambaze kwenye sinia pana ili upoe haraka, na uingie kwenye friji kabla saa mbili hazijapita tangu ulipoiva. Uliwe kesho yake, na upashwe moto mara moja tu. Umeme ukikatika usiku, usifungue mlango wa friji, kwani iliyofungwa huhifadhi ubaridi kwa saa nne hivi. Ukiamka ukakuta umeme haujarudi na chakula kimeshika joto, kimwage bila kusikitika.

Jambo la pili ni kuvu. Karanga zilizofanya ukungu, mahindi yenye madoa ya kijani au unga wenye harufu ya uvundo havisafishwi kwa kuchambua wala kwa kupika, kwa kuwa sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini huvumilia moto wa jikoni na hushambulia ini. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 125 walifariki kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kuku na ng'ombe nao wasipewe, maana sumu hupita hadi kwenye maziwa. Karanga nunua nzima, uzichague kwa macho yako, kisha uzisage, kwa sababu za unga sokoni huwezi kujua zilikuwaje kabla ya kusagwa.

---

Muuza matoke, Kalerwe

Mama wa Walukuba, tatizo lako la mkungu ninalijua kwa sababu ndilo tatizo langu la kila siku, ila mimi ninapoteza mtaji.

Ndizi haziivi zote kwa pamoja. Chane za upande wa shina, zile zilizotangulia kutoka, ndizo zinazokomaa kwanza, na ndizi ikianza kuiva hutoa gesi inayoziamsha zilizo jirani. Ukiuweka mkungu mzima kwenye kona ya jiko, karibu na joto na maparachichi, umejitengenezea chumba cha kuivishia. Ukifika nyumbani Jumamosi ukate zile chane, uzitandaze mahali penye kivuli na hewa, upike kwanza za upande wa shina, na kila siku uondoe ile iliyoanza kuwa ya njano. Usiweke mkungu kwenye friji, kwani baridi huyachoma maganda yakawa meusi. Na kama jirani naye hununua mkungu, kwa nini msinunue mmoja mkagawana?

Ndiizi, zile ndizi ndogo tamu, zikiiva kupita kiasi, mpaka ganda linapasuka, ndipo zinapofaa kwa kabalagala. Ziponde kwa mkono bila kutia maji hata tone, ongeza unga wa muhogo kidogo kidogo mpaka donge liache kunata vidoleni, lisukume, likate kwa mdomo wa kikombe na ukaange. Mke wangu anaziuza asubuhi, na kuna siku kabalagala hutuletea zaidi ya matoke.

Maganda nayo yana wenyewe. Kwangu anakuja kijana mwenye mbuzi kuyachukua, na analeta samadi. Tangu dampo la Kiteezi, lililopokea taka za Kampala, lilipoporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30, siwezi kuona gunia la maganda likipakiwa kwenye lori la taka bila kukumbuka kwamba sehemu kubwa ya mlima ule ilikuwa vitu vya namna hiyo vilivyoozea ndani.

---

Mkazi wa Soroti

Kwa upande wa viazi vitamu, huku Teso hatungoji vioze. Tunavimenya, tunavikata vipande vyembamba na kuvianika juani siku tatu au nne mpaka vinavunjika kwa mlio, navyo tunaviita amukeke. Hukaa miezi kadhaa, na hupikwa na karanga za kusaga. Dodo yako ifunge mizizi kwa kitambaa chenye maji au uisimamishe kwenye bakuli la maji kama maua, nayo itafika jioni bila kunyauka.

---

Mama wa Walukuba, Jinja

Ninarudi baada ya siku tisa, nikiwa na ndoo zangu mbili. Siku ya kwanza ndoo ya chakula ilikuwa na kilo 1.2, na karibu yote ilikuwa posho. Niliwauliza wale wawili wa saa tatu usiku, na mpishi alikuwa amekisia sawasawa, isipokuwa mdogo wangu hakuwa akila rolex, alikuwa akila muchomo, yaani nyama choma. Ujumbe sasa wanautuma, ingawa baba watoto ameshasahau mara mbili na mara zote mbili alikula kiporo cha kukaanga bila kulalamika. Jana ndoo ilikuwa na gramu 300.

Mama mkwe nilimsomea maneno ya Mzee wa Bombo, akafurahi sana kuona ametetewa. Kisha akaniuliza kwa nini mboga imeongezeka sufuriani na posho imepungua, nikamweleza habari ya mgeni. Alinyamaza kidogo, akasema kwamba kwao zamani walikuwa wakifanya hivyohivyo na mimi ndiye niliyekuja na sufuria kubwa. Kabalagala zangu za kwanza zilivunjikia kwenye mafuta. Nadhani nilitia maji.