Naomba ushauri: Linux ipi inafaa kwa kompyuta ya nyumbani?

Ndugu zangu, tuna kompyuta ya mezani yenye RAM ya GB 4 ambayo watoto huitumia kwa masomo, na kwa kuwa Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, nami sina uwezo wa kununua nyingine, nimeamua kuhamia Linux, mfumo endeshi wa bure unaoweza kutumika badala ya Windows. Ninavutiwa na Linux Mint, aina mojawapo ya Linux iliyojengwa juu ya nyingine iitwayo Ubuntu, kwa sababu menyu yake inafanana na ile tuliyoizoea. Je, nichukue toleo lake lenye mwonekano wa Cinnamon unaopendeza macho, au lile la Xfce lililo jepesi zaidi? Kinachonitia wasiwasi hasa ni faili za Word za shuleni, ambazo ningependa zifunguke kwenye LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia nyaraka, bila mpangilio wake kuvurugika. Aliyewahi kuhama, naomba anieleze alivyoanza.