Ndugu wa mgonjwa haondoki kando ya kitanda ICU, nifanyeje?

Zamu ya Usiku (mleta mada)
Wakuu, salaam. Mimi ni muuguzi wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Nina mgonjwa kwenye mashine ya kupumulia, na binti yake habanduki pale. Nikifyonza makohozi ananiuliza kwa nini namkaba mama. Kengele ikilia kidogo tu, kelele. Mgonjwa anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, na kitanda cha pili nacho ni changu. Nataka kumwomba mkuu wa wodi ndugu waingie nusu saa tu, asubuhi na jioni. Nitakuwa nimekosea?

Kipanga
Funga mlango. ICU si sebuleni.

Mama Watatu
Usifanye hivyo, mdogo wangu. Mimi nimelazwa humo. Unazinduka hujui usiku wala mchana, unaona watu ukutani. Wauguzi waliniokoa, Mungu awabariki, lakini sauti ya mume wangu ndiyo iliyonijulisha niko wapi.

Fundi Mitambo
Mke wangu akijifungua nilizimia mimi, manesi wakahudumia wawili. Ndugu wengine ni kazi kweli 😂

Mzee wa Takwimu
Kuna utafiti wa Brazili, ulitoka kwenye jarida la JAMA mwaka 2019, ICU 36. Ndugu waliruhusiwa kukaa hadi jumla ya saa 12 kwa siku. Idadi ya wagonjwa waliochanganyikiwa haikubadilika kwa kiasi cha kujivunia, ila wasiwasi na sonona za ndugu zilipungua, na wahudumu hawakuchoka zaidi. Lakini ndugu wale walielekezwa kwanza. Huyo binti ameelekezwa na nani? Na mbona anakushuku wewe hasa?

Zamu ya Usiku
Haya, niseme. Mgonjwa ni mama mkwe wangu. Binti ni wifi yangu, hatusemeshani tangu msiba wa baba mkwe. Lakini ombi langu ni la kikazi, halihusiani na hayo. Barua nimeshaiandika, iko kwenye begi.

Kipanga
Chai hii! Muuguzi gani anapangiwa mama mkwe wake?

Fundi Mitambo
Hata mimi nimeanza kunusa tangawizi.

Zamu ya Usiku
Tuko wachache. Usiku wanaoiweza hiyo mashine ni mimi na mwenzangu mmoja. Niulizeni chochote: kichwa cha kitanda tunainua nyuzi 30 hadi 45, kinywa tunasafisha, puto la mrija wa kupumulia tunapima presha yake.

Kipanga
Yote hayo yako mtandaoni.

Mama Watatu
Kipanga, mwache. Mdogo wangu, badilishana kitanda na huyo mwenzako leo hii. Barua yako itawafungia mlango hata ndugu wa vitanda vingine, na wao hawana ugomvi na wewe.

Zamu ya Usiku
Nimemuuliza, amekubali. Ila barua siichani. Wifi akimfanyia na mwenzangu hivyo hivyo, naipeleka.

Mzee wa Takwimu
Basi mwenzako amkalishe kwanza wifi yako, amweleze kengele ipi ni ya kikohozi na ipi ya hatari, na kwa nini makohozi lazima yatolewe. Kisha ampe kazi: kumpaka mama mafuta midomoni, kumshika mkono na kumsemesha wakati wa kugeuzwa. Mtu mwenye kazi hahesabu makosa ya nesi.

Kipanga
Leta mrejesho. Kama mama yupo, namwombea apone.

Zamu ya Usiku
Yupo. Amina.