Faida wachukue wao, sumu ya mgodi tugharamie sisi?

Wadau, nimechoka kuambiwa kwamba fedha za kusafisha migodi iliyotelekezwa hazipo. Zilikuwepo wakati madini yanachimbwa na kuuzwa, na zilipaswa kutengwa wakati huohuo, lakini waliokuwa na mamlaka ya kuzidai walinyamaza.

Tazameni mgodi wa dhahabu wa Giant, uliopo Yellowknife, kaskazini mwa Kanada. Ulianza uzalishaji mwaka 1948, kampuni iliyokuwa ikiumiliki ikafilisika mwaka 1999, na chini ya ardhi yakabaki takriban tani 237,000 za vumbi lenye arseniki, sumu inayoyeyuka katika maji na isiyopungua makali hata miaka ikipita. Mpango uliopo ni kuligandisha vumbi hilo ndani ya mwamba ili maji yasilifikie, na gharama ya mradi mzima imekadiriwa kufika dola za Kanada bilioni 4.38. Anayelipa ni mlipakodi.

Nchini Marekani, tangu mwaka 1977 wachimbaji wa makaa ya mawe hutozwa ada kwa kila tani, na ada hiyo hufukia mashimo ya zamani. Ila anayechimba dhahabu au shaba katika ardhi ya serikali kuu bado analindwa na sheria ya mwaka 1872, isiyomdai mrabaha, yaani malipo kwa serikali kwa madini anayochimba, hata senti moja. Kwa haki ipi?

Wanaotutaka tusubiri bajeti ijayo wajue kwamba mgodi hausubiri. Miamba yenye salfaidi, yaani madini yenye salfa ndani yake, ikikutana na hewa na maji hutengeneza asidi, nayo asidi huyeyusha metali nzito na kuziingiza mtoni, hadi mawe yakagandwa na utando wa rangi ya kutu. Mbao zilizofunika shimo nazo huoza huku nyasi zikizificha, mpaka siku mtoto anapozikanyaga.

Dhamana ya ufungaji mgodi, yaani fedha za kuusafisha na kuufunga zinazowekwa mapema, ilipwe kabla ya jiwe la kwanza kuchimbwa, iwe fedha taslimu au dhamana ya benki, wala isikubaliwe barua ya kampuni inayojidhamini yenyewe. Ikadiriwe upya kila mgodi unapopanuliwa, na asiruhusiwe mtu kuuhamishia mgodi uliochoka kwa kampuni isiyo na mtaji ili akwepe deni. Migodi isiyo na mwenyewe igharamiwe kwa ada ya wanaochimba leo, madini yote bila kubagua. Anayepinga alete hoja hapa.